Uzi wa Nne

Niliwahi kumsahihishia gitaa mtu aliyeanza kupiga gitaa kabla baba yangu hajaota meno. Hakuniomba. Gitaa lililetwa kwangu likiwa na ugonjwa mmoja, nikautibu, kisha kwa moyo wangu mkunjufu nikaitibu na afya yake.

Nieleze vizuri, maana mke wangu akisoma hapa atasema nimeanza kujitetea kabla sijashitakiwa.

Mwaka 2013 nilikuwa fundi redio Kasulu, na kibanda changu cha kazi kilikuwa baraza ya nyumba yangu. Mafundi wenzangu walipanga vyumba sokoni. Mimi niliona kwamba mtu mwenye redio mbovu ana miguu mizima, basi aje. Sipendi kutoka. Tangu nimalize kidato cha nne, safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kanisani, na kanisani nilikwenda kwa sababu mimi ndiye niliyepiga gitaa la kwaya. Sikuwa mpiga gitaa bora wa kwaya ile, nilikuwa wa pekee. Ila mtu akikaa katika hali hiyo miaka ya kutosha, mambo hayo mawili huanza kufanana machoni pake.

Nilijua mishiko mitatu ya mkono wa kushoto, na kila wimbo uliotaka wa nne niliuona una kiburi.

Tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja muuza mawese. Ulimi wake haukujua kubisha hodi. Wateja walikwenda kwake kununua mafuta, wakarudi na mafuta na ukweli, ukweli wakipewa bure. Baba yake mzazi alikaa Kibondo, na huyo baba, ambaye jirani alimwita data kama tunavyosema Waha, ndiye mwenye gitaa ninalolizungumzia.

Sifa za mzee yule nilizisikia muda mrefu kabla ya kumwona, na nilizichukia mapema ili nisije nikachelewa. Alizaliwa upande wa Mabamba, kule unakosimama shambani ukaona moshi wa majiko ya Burundi. Ujanani alibebwa na magari yaliyokuwa yakizoa vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga. Mashine ya mkonge ikamuuma kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikapona kikiwa kimekunjika kama ndoano, hakinyooki tena. Kwenye kambi hiyohiyo ya mkonge Mkongo mmoja akamwonyesha gitaa. Basi mkonge ukapoteza mkataji. Wakati ule kila mji uliopitiwa na reli ulikuwa na bendi, na kila bendi ilijiita jazz, hata kama ndani yake hapakuwa na mtu anayejua neno hilo limetoka wapi. Yeye alizipitia nyingi, mji kwa mji, hadi bendi zenyewe zikafa moja moja. Akarudi Kibondo na suti moja na gitaa moja, akalima maharage.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa linaniumiza. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea chini taratibu, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, na kidole cha shahada kikawa kinalijibu juu, kama mtoto anayemuuliza mama maswali njiani. Wazee walisema ni ikembe tupu, kile kinanda kidogo cha vidole gumba walichopiga babu zetu, isipokuwa hiki kimevaa nyuzi. Hakuwa na haraka. Na vijana wote wa Kibondo waliojifunza gitaa walijifunza kwake, au kwa aliyejifunza kwake. Utawajua popote: wakishika gitaa wanakunja kidole kidogo cha kulia. Kidole kizima, hakijawahi kukutana na mashine yoyote, wanakikunja. Nilipoona hivyo kwa mara ya kwanza nilicheka sana. Kisha nikafikiri kwamba mimi nimepiga gitaa Kasulu miaka yote hiyo na hakuna mtoto hata mmoja aliyekunja chochote kwa ajili yangu.

Basi mzee akaja Kasulu kumtembelea binti yake, na mwanakwaya wetu mmoja alikuwa anaoa, na mwalimu wa kwaya, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu kufundisha hesabu, akamwomba apige kwenye sherehe. Gitaa lake lilikuwa limefungwa kifaa cha kutolea sauti kwenye spika, na tundu la kuchomeka waya lilikuwa limelegea. Jirani akaniletea juu ya ukuta.

"Jirani, data anasema umchomee hapo. Hapo tu."

Ningekuwa na akili, ile "hapo tu" ingenitosha.

Nilichomea tundu, nikajaribu, likalia. Hapo ndipo nilipoona uzi wa nne. Kwenye gitaa la Mkristo wa kawaida uzi wa nne ni mnene, umesokotwa. Wa mzee ulikuwa mwembamba kama wa kwanza, tena haukuwa uzi wa dukani. Ulikuwa unyuzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Moyo wangu ulijaa huruma, na ndani ya huruma ile, nisiwadanganye, kulikuwa na karamu. Kumbe huyu ndiye wanayemsifu! Hata nyuzi hana! Nilikuwa na seti mpya niliyoagiziwa kwa Mkongo mmoja, siku ya soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nikatoa uzi mnene, nikauvisha, nikaukaza vizuri, ule wa breki nikautupa jalalani. Nilirudisha gitaa nikiwa nimejipangia maneno ya kujibu shukrani.

Siku ya harusi mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki, suti yake ileile, akapitisha gumba mara moja. Akasimama. Akapitisha tena. Akainua gitaa karibu na sikio kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani.

"Nani," akauliza kwa upole kwenye kipaza sauti, "nani amemvalisha mke wangu koti langu?"

Ukumbi ukacheka. Jirani yangu, aliyekuwa amekaa na wanawake wa mapishi, akageuza kichwa polepole na kunitazama. Sikujua kama niinue mkono. Mzee hakungoja jibu. Alilegeza ule uzi wangu mpya, akauchomoa, akaukunja mviringo akautia mfukoni, akapiga na nyuzi tano zilizobaki.

Ningependa kuandika kwamba alipiga vibaya.

Mke wangu alisimama. Mke wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu nilipopiga gitaa alikuwa anakumbuka kwamba kuna nguo za kuanua, alisimama akatoa viatu, akacheza. Alicheza kwa mabega, macho ameyafumba. Nilikaa na soda yangu nikiitazama kama niliyeagizwa kuilinda. Tuliporudi nyumbani alikuwa anaimba ule mdundo chinichini, na alipokuwa anachekecha unga wa muhogo aliuimba, na siku zilizofuata aliuimba akifagia.

"Huo wimbo hauna maneno?" nikamuuliza.

"Hauna."

"Basi unaimba nini?"

"Baba watoto," akasema, "kama una wivu chukua gitaa. Ufagio ninautumia mimi."

Nikachukua gitaa. Lakini kwanza nilihitaji uzi mwembamba wa nne, na ule wa mzee ulishachomwa pamoja na maganda ya ndizi. Nilikuwa na baiskeli. Kwa kuwa siendi popote, niliona breki zake zinakaa bure. Nikachomoa waya wa breki ya nyuma, nikautenganisha, nikavisha gitaa unyuzi mmoja. Wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika. Nikahamia breki ya mbele. Nilijifungia chumbani mchana nikijifunza, gumba chini, kidole juu, na nakiri mbele yenu kwamba kidole kidogo cha kulia nilikuwa nimekikunja.

Jirani akaja kuazima baiskeli wakati mimi niko kwenye mazoezi hayo, mke wangu akampa. Wanaoijua Kasulu wanajua kwamba mji wetu una njia mbili tu, ya kupanda na ya kushuka. Yeye alishuka, na dumu tupu la mawese nyuma. Waliomwona wanasema alipita sokoni akisalimia watu kwa majina ya haraka haraka, akaishia ndani ya shamba la maharage la mtu, mzima, maua kichwani. Aliirudisha baiskeli akiikokota.

"Jirani. Breki ziko wapi?"

Nikashindwa kusema uongo kwa sababu gitaa lilikuwa mkononi.

"Ziko hapa."

Akalitazama gitaa. Akautazama uzi wa nne. Akakitazama na kidole changu, ambacho nilikuwa nimesahau kukinyoosha.

"Data yangu amekuharibu," akasema, akaenda zake. Na kwa muda mrefu alinikumbusha kwa kuimba "priii" kila niliposhika gitaa, kama breki zisizoshika.

Mwaka uliofuata kwaya ikaamua kurekodi. Kila kwaya ilikuwa inarekodi, hata za vijijini, hata ile ya Munanila ambayo sisi tuliiona watoto. Mjini Kasulu palikuwa na mtu mwenye kompyuta na chumba alichobandika trei za mayai ukutani, na hiyo ndiyo ilikuwa studio. Kikao kikaitishwa. Mwalimu wa kwaya akasafisha koo, akasema wimbo wetu mkubwa unahitaji gitaa la solo, lile linaloongoza mbele na kusikika kuliko yote, na kwamba yeye anapendekeza tumwombe yule mzee wa Kibondo.

Kikao kizima kikasema "ndiyo" kwa sauti nne, soprano wakianza.

"Na mimi?" nikauliza.

Mwalimu alikuwa mtu mwema. "Wewe, ndugu yetu, ndiye unayeelewana naye. Utakwenda kumwomba."

Ndivyo nilivyopanda basi la Kibondo, mimi nisiyependa kuvuka barabara, kwenda kumbembeleza mtu aje anipokonye kiti changu. Njia nzima vumbi jekundu liliingia dirishani likaniketia usoni, na mimi nilikuwa napanga maneno. Sikukusudia kusema uongo. Nilikusudia kupeleka ujumbe ule vibaya kiasi kwamba mwenye heshima zake akatae.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. Akanipa kigoda na kisu cha pili, kama ilivyo desturi ya mtu asiyetaka mgeni ajione mgeni. Tukamenya.

"Mzee," nikaanza, "kwaya wanakuomba. Lakini wanajua ni mbali. Na njia ni mbaya. Na chumba chenyewe cha kurekodia kina joto, na mtu wa umri wako—"

"Wanataka nipige nini?"

"Solo."

Kisu chake kikasimama. Kisha akacheka, akacheka hadi muhogo ukamponyoka.

"Mwanangu, sijapiga solo tangu nizaliwe."

Nilidhani ananitania. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Mimi nilikuwa gitaa la pili. Lile la katikati. Kila bendi niliyokaa kulikuwa na mwenye solo, na huyo ndiye aliyekuwa bendi. Wa mwisho nilikaa naye miaka mingi. Vidole vyake, Mungu anisamehe! Wasichana walimpelekea leso jukwaani. Mimi walinipa maji, nimpelekee yeye. Nilimwonea wivu hadi nikakonda."

"Wewe?"

"Mimi. Nikawa namsikiliza kama askari anavyomvizia mwizi, nijue atakosea wapi. Hakosei. Lakini nikagundua kitu kimoja. Anapumua. Binadamu yeyote, hata awe bingwa, akishasema sana lazima avute pumzi. Basi nikasema, hapo hapo anapovuta pumzi, mimi naingia. Nimwaibishe. Nikaona sauti yangu nene inagongana na yake mlangoni, nikakumbuka yule Mkongo wa kule Tanga alivyokuwa akibadilisha uzi wa nne. Nikaweka mwembamba, ili nipite bila kumgusa mtu."

"Ulikuwa unamkomoa."

"Nilitaka kumkomoa. Watu wakasema, aah, hawa wanapatana!" Akaokota muhogo wake. "Hata yeye akaamini. Alipokufa nilikaa na familia siku zote za msiba. Nilikuwa sina wa kumwonea wivu tena. Ndipo nikarudi nyumbani kulima."

Visu vikafanya kazi. Nilitaka kumwambia kuhusu breki, kuhusu mke wangu na ufagio, lakini kumbe binti yake alishampigia simu, maana wakati ananisindikiza stendi alinyanyua mkono wangu wa kulia, akakinyoosha kidole changu kidogo kwa vidole vyake viwili kama anayefungua karanga.

"Hiki waachie wagonjwa," akasema. "Nitakuja. Lakini solo utapiga wewe, mimi nitakaa kwenye kiti changu. Wewe unapumua?"

"Najitahidi, mzee."

Nilirudi Kasulu nikiwa nimeshinda. Nilitangaza kwenye kikao, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa ameufanyia mazoezi ndani ya basi, kwamba mzee mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema solo nipige mimi. Soprano walitazamana. Mke wangu akaniuliza kama nilimpa mzee dawa.

Siku ya kurekodi nilivaa shati jeupe, kana kwamba kompyuta ina macho. Mzee alikaa nyuma yangu, karibu na trei za mayai, uzi wake mwembamba mpya unang'aa. Mtu wa studio akanyoosha kidole gumba. Tukaanza.

Niliingia na kila nilichokuwa nacho. Mishiko mitatu niliitumia kama watu tisa. Waimbaji wakimaliza mstari, mimi nimo. Wakivuta pumzi, nimo. Hata mahali palipoandikwa kwamba wote wakae kimya kwa heshima ya maneno yanayofuata, nilipita pale na gitaa kama mbuzi aliyeona shamba halina mlinzi. Nilikuwa najua anasubiri. Nilimsikia nyuma yangu akigusa nyuzi kidogo sana, kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango na kukuta umefungwa, na kila alipojaribu niliufunga vizuri zaidi. Nasema kweli, sijawahi kufurahi hivyo.

Kwenye ubeti wa tatu mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi. Mtu asiyetoka barazani hana pumzi ya kukimbiza wimbo wote. Vidole vikakataa, nikapoteza mahali, nikabaki nimeshika gitaa kama mtu aliyepewa mtoto ashike na mama yake ameondoka.

Mzee akaingia.

Hakuongeza sauti. Gumba lilianza kupanda kilima, kidole kikauliza maswali yake, na waimbaji, ambao nilikuwa nimewapigia kelele masikioni tangu mwanzo, wakasikiana. Sauti ya pili ikaiegemea ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alifumba macho kama mke wangu siku ile ya harusi. Nilisimama katikati ya hayo yote nikiwa na kazi moja tu, kutopumua kwa nguvu kwenye kipaza sauti. Kisha ganzi ikaisha, nikarudi kwa kishindo hadi mwisho.

"Turudie," nikasema mara tulipomaliza. "Ubeti wa tatu nimekosea."

"Haturudii," akasema mwalimu, macho bado mekundu. "Ubeti huo asiuguse mtu."

Nilimgeukia mzee, nikitafuta hata tone la dharau usoni pake ili nipate cha kurudi nacho nyumbani. Alikuwa anafuta nyuzi zake kwa leso.

"Umenikumbusha yule bwana," akaniambia. "Naye alikuwa hapumui hadi achoke."

Niliamua hiyo ni sifa. Bado sijaamua vinginevyo.

Wimbo ukasambaa kwa kadi za simu, Kasulu, Kibondo, hadi Kasanda tukaambiwa unapigwa minadani. Mke wangu aliuimba anapofagia, na nikijificha nyuma ya pazia kusikiliza ni kipande gani anaimba, ilikuwa ubeti wa tatu. Watu walinipongeza. Walisema, "Hongera, mmepiga." Hakuna aliyesema umepiga. Nikabakiza tumaini kwa mtu mmoja, jirani yangu, maana huyo angesema ukweli, na nilikuwa nimejishawishi kwamba ukweli huenda uko upande wangu.

Asubuhi moja nikausikia wimbo kutoka kwake, kwenye redio ya kadi niliyomtengenezea mwenyewe. Nikasogea ukutani, nikaegemea kama mtu anayepunga upepo. Alikuwa anamimina mawese kwenye chupa, hakuinua kichwa. Wimbo ukaisha, akaurudisha katikati, ukaisha tena.

"Jirani," nikasema, "solo umeisikia?"

Akafunga kizibo cha chupa, akakikaza, akaifuta kwa kanga, ndipo akanitazama.

"Jirani, mimi sijui muziki, najua mawese. Lakini huo wimbo unaanza kuwa mtamu pale wewe ulipochoka. Kila kazi unachoka mapema, kwa nini hii moja tu ndiyo ulichelewa kuchoka?"